Nafasi ya Marehemu Mdoe

Wenye masikio, sogezeni vigoda. Hadithi hii haina zimwi wala binti wa mfalme, na mwisho wake sikuletewa. Ninyi ndio mtakaoutafuta.

Katika shamba la mkonge la Kwembago walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alijaliwa jambo lake.

Mwajabu alijaliwa pua. Alikata mkonge miaka ishirini na miwili, na kwa kazi hiyo akawalea watoto watatu wa marehemu dada yake. Akipita nyuma ya jiko la mtu alijua mboga imeanza kushika chini kabla mpishi mwenyewe hajajua. Ukimsimamisha mbele ya lundo la mabaki ya mkonge alikwambia hili ni la jana, hili la juzi, na lile la chini limeingia maji.

Ntakije alijaliwa mikono. Babu yake aliletwa kwa treni kutoka Kigoma zama za manamba, kuja kukata mkonge kwa mkataba, na hakurudi tena kwao. Ntakije alizaliwa katika nyumba za kambi, akakulia humo, akaoa humo. Nje ya kambi hakuwa na hata tuta moja la viazi. Lakini injini ikianza kukohoa aliiwekea kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha akataja panapouma.

Mhina alijaliwa pumzi. Huyu alikuwa mchoma mkaa, mwana wa mchoma mkaa. Tanuri likipasuka ubavu, moto ukataka kula kuni zote, aliingia ndani ya moshi, akaziba ufa kwa udongo taratibu kama mtu anayekandika nyumba yake, akatoka wakati wenzake wameshaanza kumlilia.

Zabibu, mke wa Mdoe, hakuwa na kipaji cha kusimuliwa. Alilima mihogo na alimpenda mumewe. Lakini hadithi ni yake, kwa sababu yeye ndiye aliyetakiwa kuwapima hao watatu.

Sikilizeni ilivyokuwa.

Shamba la Kwembago lilikuwa linakufa. Kamba za nailoni zilikuwa zimeua soko la katani, mashine zilikuwa zinaota kutu, na mabaki ya mkonge yalitupwa mtoni hadi maji yakawa rangi ya chai na samaki wakaelea matumbo juu. Ndipo walipokuja watu wa kampuni mpya na watu wa serikali, wakaitisha mkutano. Wakasema habari ya uchumi wa kijani. Mabaki yale hayatatupwa tena. Yatatiwa ndani ya tangi kubwa, yatachacha, yatatoa gesi, na gesi itazungusha jenereta. Msitu wa juu utafungwa, usikatwe tena. Wachoma mkaa wasiwe na hofu, kazi zao mpya ziko kwenye mtambo. Kila mtu alipiga makofi, Mhina naye alipiga.

Tusiwe wachoyo wa kusema kweli. Mto ulisafika, samaki wakarudi, umeme ukawaka zahanati na shuleni. Ila kazi hazikurudi kama samaki. Waliopewa ajira za kudumu walikuja na vyeti kutoka mjini. Wa Kwembago walibaki vibarua: asubuhi unaandikwa jina getini, kesho hujui. Mwajabu alisukuma mabaki kwa toroli hadi kwenye tangi. Mhina alichota tope. Ntakije, mitambo yake ilipobadilishwa, akafanywa mfagizi wa banda.

Mwenyeji mmoja tu alipata ajira ya kudumu, naye ni Mdoe, mwangalizi wa tangi. Aliipata kwa kuuliza maswali hadi mafundi wakachoka. Na kila alichoelezwa aliwaeleza wenzake.

"Gesi hii inanuka kama yai viza," aliwaambia. "Ukiisikia, ondoka. Ukiacha kuisikia ghafla, usifurahi. Haijaondoka. Imeua pua yako kwanza, wewe unafuata."

Siku moja bomba la kutolea tope liliziba. Mtambo ukazimwa, umeme ukakatika, tangi likafunguliwa mdomo. Likakaa wazi siku tatu. Siku ya nne Mdoe alimpigia simu mhandisi, aliyekuwa mjini, akamwomba kipimo cha gesi. Mhandisi akasema kipimo kimefungiwa ofisini na ufunguo anao yeye. Tangi limepata hewa ya kutosha, shukeni mkazibue bomba. Mdoe akauliza mara ya pili. Akajibiwa vilevile, kwa sauti ya juu zaidi.

Vibarua wanne walikuwa wamesimama pale wakimtazama. Walijua, naye alijua, kwamba kibarua anayekataa leo haandikwi kesho. Mdoe akashuka ngazi wa kwanza, nao wakamfuata.

Asubuhi hiyo Zabibu alikuwa akipalilia, ng'ambo ya mto. Akasikia injini ya zamani ya dizeli ikinguruma bandani, injini ambayo haikuwa imesikika kwa miaka miwili. Akamwambia jirani yake, "Kumbe ile wameifufua," akaendelea kupalilia. Maneno hayo baadaye yalimkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Alipoitwa, alipokimbia na kufika, akakuta watu watano wamelazwa majanini. Wanne walikuwa wakikohoa na kutapika. Wa tano alikuwa amefunikwa kanga iliyochanika.

Yaliyotokea kabla ya hapo aliyakusanya kidogo kidogo kwa watu, siku za matanga.

Alisimuliwa kwamba Mwajabu alikuwa na toroli lake karibu na mdomo wa tangi aliposikia harufu ya yai viza, kali, kisha ikakatika kama uzi. Ndani pakawa kimya. Wanaume wawili wakakimbilia ngazi kuwaokoa wenzao, mmoja wao Kilua, mdogo wake Mdoe. Mwajabu akajitupa kifudifudi juu ya mdomo wa tangi, akashika vyuma kwa mikono miwili. Walimvuta miguu, walimchania kanga, Kilua alimpiga ngumi za mgongo. Hakuachia. "Mkishuka mnakufa," alikuwa akisema, uso wake ukiwa pale pale gesi inapotokea. "Leteni hewa kwanza." Asingelala pale, wangeshuka wawili, kisha wawili wengine, na Kwembago ingechimba makaburi mfululizo.

Alisimuliwa kwamba Ntakije alisikia neno hewa, akaliacha fagio. Bandani kulikuwa na feni kubwa ya kukaushia singa, zile nyuzi za mkonge, lakini umeme ungetoka wapi, na tangi lenyewe ndilo lililokuwa likitoa umeme? Palikuwa na injini ya dizeli iliyoamriwa iuzwe chuma chakavu. Ntakije alikuwa ameificha nyuma ya marobota, akiipaka mafuta kila Jumapili bila kumwambia mtu. Akaifunga feni kwenye injini, akaunganisha turubai likawa bomba, akapeleka mdomo wake tangini. Mkanda ukawa unachomoka. Akaurudisha kwa mkono huku injini inazunguka, na vidole viwili vikaenda na mkanda. Akaendelea kuushikilia kwa mkono uliobaki. Bila upepo ule, hata shujaa angeshuka kufa.

Na alisimuliwa kwamba Mhina alijifunga kamba ya katani kiunoni, akavuta pumzi, akashuka. Upepo ulikuwa umeingia, lakini haujatosha. Chini gesi bado ilikuwa imetuama. Akapanda na mtu. Akashuka tena. Mara nne alipanda na mtu aliye hai. Mara ya tano alipanda na Mdoe. Asingeshuka yeye, hewa ingewapulizia maiti watano.

Hivyo ndivyo wanne walivyopona. Aliyezuia, aliyeleta hewa, aliyeshuka: toa mmoja wao, na hapana aliyepona.

Lakini kila mmoja alilipia. Mwajabu hasikii harufu ya kitu chochote tangu siku hiyo. Ntakije ana mkono wa kushoto wa vidole vitatu. Mhina akipanda kilima anasimama mara saba, na asubuhi anatema damu kwenye majivu ili mkewe asione.

Arobaini ilipopita, kampuni ikaleta barua. Nafasi ya marehemu iko wazi. Ina mshahara wa mwezi, ina nyumba, ina bima ya afya, na uongozi umeridhia ichukuliwe na mmoja wa Kwembago. Aliyeileta alikuwa afisa utumishi, mtu mpole aitwaye Ngaiza. Alikwenda kwanza kwa Zabibu.

"Mama, sheria haikuzuii. Ukitaka, nafasi ni yako."

"Kazi yenyewe ni ya kufanya nini?"

"Kupanda juu ya tangi asubuhi na jioni. Kusoma vipimo. Kukagua mdomo."

Zabibu alitazama mikono yake. "Baba, mimi njia ya kwenda mtoni nimeihamisha nisilione lile tangi. Tafuteni mwingine."

Wafanyakazi wakakutana kutafuta huyo mwingine, wakashindwa. Wanawake walisema Mwajabu, kwa kuwa tangu mtambo uje hakuna mwanamke aliyeajiriwa. Watu wa kambi walisema Ntakije. Wenyeji wa vijiji walisema Mhina. Msitu uliofungwa ulikuwa wa wazee wao, na huyo wa kambi si wa hapa. Aliposema hivyo msemaji wao, mtu wa kambi alimjibu kwamba jasho la babu zao liko chini ya kila mche wa mkonge, na nusura zitwangwe. Ndipo mzee mmoja aliposema achague Zabibu, kwa kuwa hakuna atakayegombana na mjane. Wakaafiki wote. Walimtwisha kwa heshima, lakini walimtwisha.

Zabibu alimwendea Ngaiza. "Wape wote watatu. Wafanye kwa zamu. Watagawana."

"Nililiuliza hilo kabla yako, mama," alisema Ngaiza, naye hakuonekana mtu mwenye furaha. "Fomu ina mstari mmoja. Ijumaa saa sita mchana isipokuwa na jina, nafasi inatangazwa mjini."

Basi akaenda kuwaona mmoja mmoja.

Kwa Mwajabu alikuta chungu kiko motoni. Walikaa wakazungumza habari za watoto. Wa kwanza amefaulu, anatakiwa shule ya bweni. Zabibu akaanza kusikia mboga inaungua. Akangoja. Mwajabu aliendelea kuzungumza, amekaa hatua mbili kutoka jikoni, hana habari. Mwishowe Zabibu akainuka akakitua chungu mwenyewe. Mwajabu aliutazama moshi, akafunika uso kwa kiganja.

"Sili tena kwa raha," alisema. "Chakula kinakuwa kama udongo. Nikipeleka toroli wananiambia, wewe pua huna, utatuua. Jumatatu hawakuniandika."

"Shemeji yangu Kilua anasema ungemwacha, angemtoa kaka yake."

"Najua anavyosema. Kila tukikutana njiani anatema mate. Zabibu, nilimsikia Mdoe akikoroma mle ndani. Nilikuwa juu yake kabisa. Nami nikaendelea kushika vyuma."

Zabibu alichota maji, akayamimina kwenye chungu kilichoungua.

Kwa Ntakije alikuta vyombo vimefungwa ndani ya shuka. Nyumba za kambi zilikuwa zimetakiwa; asiye na ajira ya kudumu ahame mwisho wa mwezi. Mkewe alimkaribisha Zabibu akae juu ya furushi, kwa kuwa kiti kilikuwa kimeshauzwa.

"Mtakwenda wapi?" Zabibu aliuliza.

"Watu wanasema turudi kwetu," alisema Ntakije. "Kwetu ndiyo hapa." Akachukua karatasi juu ya kabati, akampa. Ilikuwa barua ya onyo, kwa kosa la kuficha mali ya kampuni. Injini ile ilikuwa imeshachukuliwa na wanunuzi wa chuma.

"Walikuandikia hii baada ya siku ile?"

"Wiki mbili baada."

"Mbona hukuonyesha watu?"

"Ningewaonyesha ili iweje, mama?" alisema, akaikunja tena kwa mkono ule wenye vidole vitatu, polepole, pembe kwa pembe.

Kwa Mhina hakufika. Mhina alikuja mwenyewe shambani kwake, Alhamisi asubuhi, akiwa amesimama njiani mara nyingi. Zabibu alimwona tangu mbali, akisimama na kutembea, akisimama na kutembea.

"Dada Zabibu, nina neno."

"Kaa kwanza upumue."

Alikaa juu ya tuta. Alipoweza kusema, alisema akitazama chini. "Siku ile niliposhuka mara ya kwanza, wa kwanza niliyemgusa alikuwa Mdoe. Alikuwa hai."

Jembe la Zabibu lilisimama.

"Nilimtafuta yeye kwanza, mwisho kabisa, kwenye bomba. Unajua mwili wake ulivyokuwa. Nikaona nikimburuta yeye, pumzi itaniishia katikati, na wale wanne wako karibu na ngazi, wepesi. Nikamwacha. Niliporudi mara ya tano ilikuwa imekwisha."

"Alisema kitu?"

"Hapana. Alinishika kifundo cha mguu."

"Akakuachia?"

Mhina alikohoa muda mrefu. "Nilimbandua vidole, dada."

Upepo ulipita kwenye mihogo. Zabibu alitaka kumpiga jembe, na alitaka kumpa maji. Alimpa maji.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kesho unaandika jina. Hospitali wanasema mapafu haya yanahitaji matibabu ambayo bila bima sina njia nayo. Naitaka nafasi ile, siwezi kukuficha. Ila sikutaka uandike jina langu hujui."

Usiku ule mkewe Mdoe hakulala, wala hamhitaji kusimuliwa. Ijumaa akavaa kanga nyeusi, akashika njia aliyokuwa ameiacha, ile inayopita kando ya tangi.

Banda la singa lilijaa. Wanawake upande huu, watu wa kambi upande ule, wenyeji mlangoni. Wanne waliopona walikaa pamoja, vichwa chini. Walikuwa wameulizwa mara nyingi ni nani aliyewaokoa, na kila mara walitaja majina matatu. Kilua alisimama ukutani, mikono kifuani. Mwajabu, Ntakije na Mhina waliwekwa kwenye benchi moja, na hawakutazamana.

Ngaiza akaiweka fomu juu ya robota la mkonge, na kalamu juu yake.

"Mama, yapo unayotaka kuwauliza?"

"Lipo moja," alisema Zabibu. Akawageukia wale watatu. "Yupo kati yenu anayemwachia mwenzake?"

Mwajabu alifumba macho. "Ningekuwa peke yangu ningeachia," alisema. "Wale watoto watatu siwezi kuwaachilia."

Ntakije alitikisa kichwa, mara moja tu.

Mhina alisema, "Nataka kuishi."

Zabibu aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyelitarajia jibu. Akamwendea Mwajabu, akamgusa bega. Akaushika ule mkono wa Ntakije, akauachia. Mbele ya Mhina alisimama muda mrefu zaidi, na watu wakaanza kunong'onezana, kila upande ukiona kusimama kule ni dalili yake. Aliyemtaka Mhina alisema anamteua. Asiyemtaka alisema anamuaga.

"Saa sita kasoro dakika tano," alisema Ngaiza.

"Shemeji, usiandike," alisema Kilua kutoka ukutani. "Hapa hakuna anayestahili kukalia kiti cha kaka yangu."

"Nisipoandika anakikalia mtu wa mjini," alisema Zabibu. "Atakuja hajui hata jina la kaka yako."

Akakaa chini kwenye singa, akaivuta fomu mapajani, akachukua kalamu.

Aliyenisimulia alinifikisha hapo, akaniachia.

Sasa nanyi mliosikia. Msiniambie wote watatu, mstari ni mmoja. Msiniambie asubiri, saa sita inagonga. Mkisema ubaya uko kwenye fomu na kwa walioitunga, nami nitakubaliana nanyi. Lakini Zabibu hakushirikishwa kuitunga, yeye amepewa kalamu tu. Yuko aliyezuia wengine wasife, akamsikia Mdoe akikoroma. Yuko aliyeleta hewa, akaandikiwa barua ya onyo, na mwisho wa mwezi hana pa kulala. Yuko aliyeshuka mara tano, akabandua vidole vya mtu aliye hai, akaja kusema mwenyewe.

Kalamu iko mkononi mwako. Wewe unaandika jina la nani, na hao wawili utawatazamaje mkikutana mtoni?